Transfoma Iliyofungwa Samadarini

Mmeniomba niandike, nyinyi mliobaki dukani, nami nimekubali kwa sharti moja: msitafute humu habari za vyeo. Katika duka letu cheo kilikuwa kimoja tu, kukaa karibu na feni, na hicho nilikipata mapema. Nitaandika nilivyoanza, nani alinifunza, vitu gani vilinisumbua, na kisa cha jirani mmoja ambacho kimenikaa moyoni kuliko vyote. Mkichoka katikati, ruhusa. Mimi sasa ni mstaafu, nina wakati wa kungoja.

Ami Salim, ndugu yake baba, alikuwa na duka la kutengeneza vifaa vya umeme hapa Mji wa Kale. Mnalijua, ndilo hilo mlilokaa. Wakati ule lilikuwa chumba kimoja cha chini, na kichochoro kilikuwa karibu mno na mlango hata tuktuk ikipita ilibidi mtu avute mguu ndani. Mimi nilipomaliza shule, baba alininunulia cherehani ya umeme nijifunze kushona. Nilishona nayo foronya moja, kisha nikaifungua nione kinachoizungusha. Baba hakugomba. Aliibeba cherehani kwa mkono mmoja, akanishika mimi kwa mkono wa pili, akatupeleka wote kwa nduguye.

"Salim," alisema, "hivi viwili vimenishinda. Nakuachia."

Siku ya kwanza Ami Salim hakunipa bisibisi wala koleo. Alinikalisha mbele ya rundo la vitu vya watu, pasi, blenda, redio, jiko la kuchemshia maji, akaniambia nivigeuze kimoja kimoja nimsomee kilichoandikwa mgongoni. Sio jina la kampuni, hilo lilikuwa usoni na halikumhusu. Alitaka volti, wati na mizunguko. Nilisoma hadi adhuhuri. Nilipokosa kuona maandishi alinipa kitambaa chenye mafuta ya taa, nisugue hadi yatokeze.

"Kitu ambacho hujakisoma mgongo," aliniambia, "usikitie stima. Hata kama mwenyewe yuwalia."

Na wenyewe walikuwa wakilia kweli, kwa sababu mji wetu ni mji wa masanduku. Huyu ana ndugu Jeddah, yule ana mtoto Amerika, wa tatu amerudi hija na begi la nguo limejaa vyombo vya jikoni. Kuna vitu vya mitumba kutoka Japani vinavyoshuka bandarini. Vyote hivi hupendeza na huletwa kwa mapenzi. Lakini umeme wetu ni wa volti mia mbili na arubaini, na huko Amerika na Japani, na katika nyumba nyingi za Saudia za enzi zile, umeme wao ni kama nusu ya huo. Ukikitia kitu cha volti mia na kumi kwenye ukuta wa Mombasa, hakifanyi kazi kwa nguvu maradufu kama watu walivyokuwa wakinieleza. Kikiwa ni cha kupasha moto hupokea nguvu karibu mara nne au tano ya ile kiliyoundiwa, na kwa kawaida hiyo ndiyo siku yake ya mwisho.

Sikukaa dukani muda mrefu kabla sijajua kwa nini Ami Salim alinikubali haraka vile. Nyumba za Mji wa Kale zina ndani, upande wa wanawake. Fundi mwanamume akiitwa huishia barazani au sebuleni, vitu huletwa pale, hushughulikiwa pale. Lakini nusu ya makosa ya umeme hayako kwenye kitu. Yako kwenye soketi ya jikoni iliyoliwa na chumvi ya ukuta wa matumbawe, au kwenye waya uliopitishwa chini ya mkeka wa chumba cha kulala. Ami Salim kwa miaka alikuwa akitibu wagonjwa ambao hakuruhusiwa kuona walikolala. Mimi, mtoto wa kike, nilipiga hodi, nikaingia hadi jikoni, nikakaribishwa chai, nikaona kila kitu. Mwezi wa kwanza nilirudi dukani nikamwambia kwamba pasi aliyoitengeneza mara tatu ya mama mmoja haikuwa na ubaya wowote, ila ilikuwa ikichomekwa kwenye soketi moja na friji, jiko na chaja za nyumba nzima. Alisogeza kiti changu karibu na feni. Hicho ndicho kile cheo.

Vifaa vyake alinirithisha viwili. Cha kwanza ni ile taa ya kupima iliyo juu ya meza hadi leo, balbu ya zamani ya waya ndani, ambayo umeme hupitia kwanza kabla ya kufika kwenye kitu kigeni. Balbu ikiwaka sana, kitu kina kasoro ndani na fyuzi za mtaa zimesalimika. Nyinyi mna mita zenye kioo na namba, na mimi nazipenda, lakini ile balbu msiitupe. Cha pili ni kile kijamvi cha mpira cha kusimamia, ambacho nakuombeni mkinunue kipya kwa sababu hicho kimekwisha.

Kimoja nilimfunza mimi. Vitu vingi vya nje vina kiswichi chekundu nyuma, cha kuchagua mia na kumi au mia mbili na ishirini. Ukishakiweka sawa, mtoto hukipita akakisukuma kwa ukucha, na mchezo ukaisha. Ami Salim alikuwa akikifunga kwa utepe, utepe ukaachia kwa joto. Siku moja nilitoa rangi ya kucha mkobani nikakipaka tone moja. Ilikauka, kiswichi kikaganda. Ami alicheka hadi akashika meza, mzee mwenye ndevu dukani kwake pana rangi ya kucha. Baada ya wiki nilimkuta ameitumia yeye mwenyewe kugandishia skrubu za feni, na alikuwa amechagua ile ya waridi.

Msisahau pia kwamba transfoma hubadili volti tu. Haibadili mizunguko ya umeme. Maalim mmoja wa Tudor aliletewa na mwanawe saa ya mezani kutoka Amerika, ile inayokwenda kwa umeme wa ukutani. Aliinunulia transfoma, akafanya kila jambo sawa, na bado kila saa moja ilichelewa dakika kumi. Alikuja dukani na saa imefungwa kwa taulo.

"Zuhura mwanangu, hini saa ni mvivu."

"Si mvivu, Maalim. Huko kwao umeme wazunguka mara sitini, hapa hamsini. Yeye yuwahesabu kwa hesabu ya kwao."

"Na haizoei?"

"Haizoei, Maalim."

Aliichukua akaiweka kabatini iwe pambo, na kila nilipokutana naye njiani aliniuliza kama mgeni wake amezoea. Basi kitu chenye mota au cha kuhesabu wakati kisomwe mgongo mara mbili. Mota ya mizunguko sitini ikipewa hamsini huenda polepole na hupata joto, na mwenyewe hajui mpaka anuse harufu.

Lakini adui yangu wa kazi hii yote hakuwa volti wala mizunguko. Alikuwa adapta. Nasema ile ndogo, nyeupe, inayouzwa kila duka, unachomeka plagi ya miguu bapa upande mmoja na upande wa pili inaingia kwenye ukuta wetu. Inabadili miguu, haibadili chochote kingine. Mtu akiona plagi imeingia bila kulazimishwa huamini kwamba kitu kimekubaliwa. Nimezikusanya adapta kwenye nyumba za watu kama mama anavyokusanya viberiti. Waliniudhikia, wengine walinunua nyingine kesho yake, nami nikazikusanya tena.

Sasa nije kwa Bi Rukia.

Bi Rukia alikuwa jirani wa duka, nyumba ya tatu kutoka kwetu, ghorofa ya juu. Alikuwa mjane mwenye ucheshi na ulimi mwepesi, na mkono wake ulikuwa wazi kwa kila mtu. Mtaa mzima ulijua kwamba kitu chake hakinyimwi. Sufuria yake ya pilau ilizijua nyumba za watu kuliko posta. Masinia, mikeka, taa za karabai, vyote vilikuwa nje kila siku, na yeye mwenyewe alipotaka kupika kwa wingi alituma mtu akaulize sufuria imefika wapi. Kwake kumwambia jirani "sina" hali unacho lilikuwa jambo la aibu kubwa, na kumwambia "ninacho lakini sikupi" lilikuwa halitamkiki kabisa.

Miaka ya moshi wa kuni na makaa ilimharibu mapafu. Ilifika mahali daktari akasema ahitaji oksijeni mchana na usiku. Mwanawe Omar, aliyekuwa akiishi Amerika, alimletea mashine ya kuchuja hewa na kutoa oksijeni, yenye mpira mwembamba unaoingia puani. Amina, mke wa Omar, ambaye alibaki Mombasa kumwangalia mama mkwe, aliniita kabla hajaifungua kwenye boksi. Nilimshukuru sana kwa hilo. Niliigeuza nikaisoma mgongo: volti mia na ishirini, na mizunguko hamsini au sitini, yote mawili. Nilipiga alhamdulillahi kwa sauti. Ingekuwa sitini tupu ningemwambia airudishe.

Niliwatafutia transfoma ya kweli, sanduku la chuma lenye uzito wa kumchosha mtu, inayobeba wati mara mbili ya zile za mashine. Msikubali kumpa mgonjwa transfoma inayomtosha barabara, mpeni iliyozidi. Mpini wake ulikuwa wa chuma na ulikata viganja, nikauzungushia utepe mweupe wa pamba. Daktari alikuja akampima Bi Rukia kwa kile kibano cha kidoleni, akaridhika. Palikuwa pia na mtungi mdogo wa oksijeni wa akiba, kwa zile siku stima inapopotea.

Sharti moja lilimuuma. Nilimwambia chumbani humu udi haufukizwi tena, kwa sababu ya mapafu na kwa sababu oksijeni na moto havikai chumba kimoja. Kumwambia mwanamke wa Mombasa asifukize udi ni kumwambia asichane nywele.

"Na harusini je, ntaenda?"

"Moshi utakukaba, Bi Rukia."

"Haya," alisema.

Nyumba inayotazamana na yake ilikuwa ya Bi Mwanaisha, rafiki yake wa tangu utotoni. Bi Mwanaisha alikuwa akimwoza binti yake wa pekee, na alikuwa amerudi umra na chetezo cha umeme alichonunua Jeddah kwa mtu aliyekuwa akihama, kizuri, cha rangi ya dhahabu. Alitaka nguo za bibi harusi zifukizwe kwa hicho, zisipate majivu ya makaa. Alikileta dukani. Nilimwonyesha maandishi ya mgongoni, mia na kumi, nikamwambia bila transfoma asikiguse. Alinisikiliza vizuri. Mteja anayesikiliza ni nadra, na mimi nilimsifu moyoni.

Siku ya kutia hina, alasiri, nilikwenda kwa Bi Mwanaisha kama mwalikwa. Nilivaa nguo mpya na viatu vinavyobana. Ukumbi wa juu ulijaa wanawake, bibi harusi amekaa kwenye mkeka mikono ameinyoosha, somo wake, yule wa kumfunda, bibi kizee mwenye sauti nzito, akiamuru kila mtu. Pembeni nguo zilitandazwa juu ya tenga la kufukizia, na chini yake chetezo cha dhahabu kilikuwa kikitoa udi taratibu, mzuri, bila majivu. Nilifurahi. Kisha, kwa ile tabia tuliyo nayo mafundi ya kufuata waya kwa macho hata tukiwa wageni, nilifuata waya wa chetezo hadi chini ya meza. Pale palikuwa na sanduku la chuma lenye mpini wa utepe mweupe.

Utepe ule niliuzungusha mimi.

"Bi Mwanaisha, hini transfoma umeitoa wapi?"

"Kwa Rukia, Mungu ampe afya. Nilimuuliza tu kama amjua mwenye nayo. Akanambia chukua yangu, miye mchana siitumii."

Nilivua viatu nikateremka ngazi, nikavuka kichochoro, nikapanda ngazi za Bi Rukia kwa miguu mitupu. Kabla sijafika juu nilimsikia Amina akisema kwa sauti ya kulia, "Ngoja mama, naitia sasa hivi, ngoja kidogo tu."

"Amina! Usitie!"

Nilimkuta amepiga magoti kando ya ukuta. Plagi ya mashine ilikuwa imevaa adapta, na miguu yake ilikuwa tayari midomoni mwa matundu ya soketi. Mkono ulimganda palepale. Bi Rukia alikuwa amekaa ukingoni mwa samadari yake, kile kitanda cha kizamani, ameinama mbele, viganja juu ya magoti, midomo imegeuka rangi. Alikuwa akivuta pumzi kwa mabega.

Amina alinieleza kwa maneno yaliyokatikakatika. Juzi stima ilipotea na mtungi wa akiba ukaisha. Alasiri hiyo alikwenda Ganjoni kuujazisha, akaambiwa hakuna hadi kesho. Aliporudi alimkuta mama hali hiyo, mashine imezimwa, transfoma haipo. Adapta ilikuwa kwenye droo, ile ambayo sikuiona nilipozikusanya.

"Nifanyeje, Bi Zuhura? Yuwaniishia mikononi."

"Ukiitia ukutani itaungua, na nyingine hatuna. Mkalishe vivyo hivyo, fungua dirisha, piga simu hospitali waje. Miye nakuja nayo."

Sijui nilivyoshuka. Nilipoingia tena ukumbini nilikwenda moja kwa moja mezani. Somo alininyooshea kidole.

"Usiguse, mwanangu. Nguo hazijashika bado. Ngoja kidogo."

"Bi Rukia hawezi kupumua," nilisema. "Hini ndiyo pumzi yake."

Bi Mwanaisha alikuwa ametiwa hina mbichi mikono yote miwili, hadi vifundoni. Aliinuka kama alivyo, akaikimbilia plagi. Nilimpigia ukelele, kwa sababu mikono ya maji haishiki plagi hata dunia ikiwaka, nami nikaing'oa mwenyewe. Lakini nilipoinama kubeba, yeye alikwisha kuukamata mpini. Mama mtu mzima, siku ya hina ya mwanawe, alilibeba sanduku lile akateremka ngazi, akavuka, akapanda, mimi nyuma yake nikishikilia waya usimkwaze. Hina ilimtiririka ikaingia kwenye utepe.

Niliunganisha. Mashine ililia mlio wake wa kuanza, kisha ikatulia ikawa inanguruma. Amina aliutia mpira puani mwa mama. Tulisimama watu watatu tukimtazama midomo. Niliogopa siku ile kuliko siku yoyote ya kazi yangu, na nimewahi kurushwa na stima hadi ukutani. Rangi ilirudi polepole. Mabega yalishuka. Alifungua macho, akamtazama Bi Mwanaisha, akamwona mikono ilivyo.

"Udi umeingia nguoni?" aliuliza.

Bi Mwanaisha aliangua kilio. Alimuuliza kwa nini, kwa nini hakumwambia kwamba ni ya mashine, angefukiza kwa makaa kama watu wote. Bi Rukia alikaa akikusanya pumzi ya kujibia.

"Miye harusini siwezi kuja," alisema. "Moshi hunikaba. Nikaona, basi kitu changu na kikae huko badala yangu. Nilidhani Amina yuwaja na mtungi."

Nami nikalia. Nilikwenda kusimama dirishani nikijifanya natazama gari la hospitali. Walipofika walimpima, wakaridhika, wakasema mashine isizimwe tena kwa sababu yoyote.

Mngedhani kisa kimeisha hapo. Kwa mtu wa volti kimeisha. Lakini kwa Bi Rukia jambo baya ndipo lilipoanza. Bi Mwanaisha alishikwa na aibu. Harusi ikapita, na yeye akawa akipita mlangoni kwa Bi Rukia anatazama upande wa pili. Chakula alikileta kwa mkono wa watu. Na Bi Rukia, aliyekuwa karibu kufa, alichohuzunikia ni kwamba Mwanaisha ataona amenyang'anywa kitu katikati ya shughuli yake. Nilikwenda kukagua mashine nikamkuta hajala.

"Na kesho akija mwengine kuazima," aliniambia, "ntampa. Najijua. Ulimi wangu hauwezi kukataa. Basi niambie wewe fundi, wanifanyiaje?"

Nililipeleka swali hilo dukani. Ami Salim alikuwa mzee sana wakati huo, akija tu kukaa. Alisikiliza hadi mwisho. "Ulimi wake hutauweza," alisema. "Tengeneza transfoma."

Kesho yake nilikwenda na kekee na bolti nne ndefu. Samadari ya Bi Rukia ilikuwa ya mti mzito, aliyoingilia nayo nyumba siku ya harusi yake mwenyewe. Nilimweleza nia yangu nikitarajia atanifukuza: kuifunga transfoma kwenye ubao wa miguuni, kwa nje, palipo na hewa, nati kwa ndani, ili asiyekuwa fundi asiifungue. Waya wa mashine niliufupisha usifike ukutani hata ukivutwa. Adapta niliitia mfukoni.

Aliipapasa samadari. "Na akija mtu, niseme nini?"

"Mwambie achukue, akiiweza pamoja na kitanda."

"Kwa hivyo si miye niliyemnyima."

"Si wewe. Ni Zuhura, fundi mchoyo."

Alicheka hadi mashine ikalalamika. "Toboa," alisema.

Nilitoboa. Habari ilitembea mtaani, na kwa muda mrefu niliitwa mchoyo kila nilipopita, kwa mzaha, nami niliitikia. Dukani niliweka transfoma nyingine, ile ya kijani mnayoijua, ya kuazimwa na yeyote mwenye shughuli. Sharti lake mnalijua: aazimaye aje na kitu chenyewe, tukisome mgongo pamoja, na aondoke na plagi aliyoichomeka mwenyewe mbele yetu. Harusi nyingi zimenukia kwa transfoma hiyo. Msiifunge popote, hiyo kazi yake ni kutembea.

Bi Mwanaisha alirudi siku moja tu baada ya kusikia habari ya bolti. Aliingia, akazitazama, akazigusa nati kwa kidole, kisha akakaa miguuni mwa samadari akaanza kumsimulia Bi Rukia harusi yote tangu mwanzo, nani alivaa nini na nani hakualikwa akaja. Alikuja kila alasiri tangu siku hiyo. Ila neno la transfoma hakulitaja tena, wala Bi Rukia hakulitaja.

Bi Rukia aliishi na mashine ile miaka mingi kuliko daktari alivyotarajia, akituma watu wafuate sufuria yake, akitania kila aliyeingia. Alifariki mwaka huu, asubuhi, amelala kwenye samadari yake, mashine ikiwa inanguruma. Nilikuwa nimekwisha kuwaambia kwamba nastaafu. Baada ya matanga Amina aliniita.

"Mama aliacha neno lako," alinambia. "Alisema miye nikiondoka, Zuhura aje afungue zile bolti yeye mwenyewe. Na transfoma apelekewe Mwanaisha."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya mwisho, kwa hivyo msiwaambie watu nilimalizia kwa friji ya hoteli. Nilipiga magoti miguuni mwa samadari na spana. Nati zilikuwa na kutu kidogo ya chumvi, zikaachia vizuri. Nilifuta vumbi, nikaukagua waya kama ilivyo desturi, nikaipima transfoma. Bado nzima. Matundu manne yamebaki kwenye mti, na Amina amesema hatayaziba.

Niliibeba nikavuka kichochoro nikapiga hodi. Bi Mwanaisha alifungua mwenyewe. Nilimwambia imetoka kwa nani na ni amri ya nani. Hakupokea mara moja. Alikuwa akiutazama mpini, ule utepe ulioshika hina yake na haikutoka miaka yote hiyo.

"Lakini miye sina tena cha kuitia," alisema. "Chetezo kile kilikufa zamani. Nina cha volti zetu."

"Najua, Bi Mwanaisha. Na yeye alijua."

Aliipokea kwa mikono miwili, akaiegemeza kifuani ingawa ni nzito. Macho yalimjaa. Kisha akaniuliza lile swali ambalo kila jirani wa Bi Rukia alizoea kuliuliza mlangoni kwake, kitu kikiwa mkononi.

"Nirejeshe lini?"

"Hapana haraka," nikamwambia.